Jinsi ya Kutoa RNA Nzima Kwenye Majani ya Muhogo: Mwongozo Kamili Kutoka Shambani Hadi Kwenye Jeli

Picha ninazoletewa na wanafunzi zinafanana mno. Jeli, ile inayotenganisha vipande vya RNA kwa umeme, ina ukungu unaoanzia kwenye vishimo na kushuka hadi chini, na hakuna mstari hata mmoja unaoonekana wazi. Swali linaloambatana na picha ni lilelile: "Nimefuata maelekezo yote, nimekosea wapi?" Nami nikiuliza majani yalifikaje maabara, najibiwa kwamba yalikatwa Mkuranga au Bagamoyo, yakawekwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya barafu, yakakaa saa tatu barabarani.

Kosa liko hapo. Kemikali ni zilezile, mikono ni mizuri, ila RNA, yaani nakala za muda za jeni zinazofanya kazi, ilishaharibika kabla gari halijafika Mwenge, Dar es Salaam. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa shambani kwa muda mrefu kuliko mingi uliyosoma.

Kwanza hakikisha unahitaji RNA

DNA ya muhogo ni ileile kwenye jani na kwenye mzizi, kwenye mmea mgonjwa na mzima, asubuhi na jioni. Jani likinyauka, au ukilikausha vizuri kwa silika, DNA yake bado inasomeka. Kama unatafuta virusi vya batobato, ambavyo vimeundwa kwa DNA, au unalinganisha jenomu za aina mbalimbali za muhogo, fanya kazi na DNA na upumzike. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda walishasoma DNA ya virusi vya muhogo palepale kando ya shamba kwa kimashine cha Oxford Nanopore kinachoenea mkononi, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2019.

RNA inatakiwa katika mambo mawili. La kwanza ni virusi vya michirizi kahawia, ambavyo jenomu yao yenyewe ni RNA. La pili ni kujua jeni zipi za muhogo zinafanya kazi na kwa kiasi gani, mfano unapolinganisha Kiroba na aina nyingine inayoshambuliwa zaidi. Hapa unapiga picha ya kitu kinachobadilika kila dakika.

Wengi hawalioni hili: jani likikatwa halifi papo hapo. Linajua limejeruhiwa. Ndani ya dakika chache linaanza kuwasha jeni za kujihami na kuzima nyingine. Unaweza kubahatika kupata RNA nzima kutoka kwenye jani lililosafiri saa tatu, mashine ikaisoma bila shida, na matokeo yakawa ya uongo. Utakuwa umepima foleni ya Tegeta, si ugonjwa wa muhogo.

Vifaa na kemikali

Kusanya vyote kabla ya kwenda shamba. Kitu kimoja kikikosekana, ahirisha safari.

Kwa shambani:
- Nitrojeni ya kimiminika kwenye chombo chake maalumu, au kimiminika cha kuhifadhia RNA cha aina ya RNAlater
- Tyubu za ml 2 zenye kifuniko, zisizo na RNase (vimeng'enya vinavyoharibu RNA)
- Glavu za kawaida, glavu nene za baridi kali, miwani ya kinga
- Mkasi na koleo ndogo mbili, jiki, ethanoli ya 70%, penseli na lebo

Kwa bafa ya CTAB (kimiminika cha kutolea RNA kwenye seli), ml 100:
- CTAB gramu 2
- PVP-40 gramu 2
- Chumvi (NaCl) gramu 11.7
- Tris-HCl ya 1 M, pH 8.0, ml 10
- EDTA ya 0.5 M, pH 8.0, ml 5
- Maji yaliyotibiwa kwa DEPC (kemikali inayoua RNase), hadi ifike ml 100
- Beta-merkaptoethanoli, inayoongezwa siku ya kazi tu

Kwa maabara: mchanganyiko wa klorofomu na pombe ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, lithiamu kloraidi (LiCl) ya 10 M, ethanoli ya 70% iliyotengenezwa kwa maji ya DEPC, kimeng'enya cha DNase, kinu na mchi vya kauri, sentrifuji yenye baridi, na tipu zenye kichujio.

Kiti za kununua, yaani seti za kemikali zilizo tayari, zipo na zinafanya kazi. Nimechagua CTAB kwa sababu kemikali zake zinapatikana kirahisi zaidi, gharama kwa sampuli ni ndogo, na majani ya muhogo huziba nguzo (vichujio) za kiti mara nyingi. Aliyewahi kutwanga kisamvu anaujua ule utelezi na namna kinavyogeuka rangi kikikaa. Utelezi ni sukari ndefu, weusi unatokana na fenoli, na vyote viwili hung'ang'ania RNA.

Hatua ya 1: Fukuza RNase, siku mbili kabla

RNase ni vimeng'enya vinavyokata RNA. Vipo kwenye ngozi yako, mate, vumbi na ndani ya jani lenyewe. Ni vigumu kuua: ukivichemsha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) vinajikunja upya na kuendelea na kazi. EDTA, inayozuia vimeng'enya vingi vinavyokula DNA, haivizuii.

Weka ml 1 ya DEPC kwenye lita 1 ya maji, tikisa, acha usiku kucha ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kisha otoklevu kwa nyuzi 121. DEPC ndiyo inayoua RNase. Otoklevu kazi yake hapa ni kuiondoa DEPC iliyobaki.

Usiweke DEPC kwenye bafa yenye Tris. Tris huila DEPC, hivyo utakuwa umeharibu vyote viwili. Tibu maji kwanza, kisha yeyusha Tris ndani yake.

Kinu na mchi vifunge kwa foili, uvichome kwenye oveni kwa nyuzi 180 usiku kucha. Meza na pipeti futa kwa jiki iliyopunguzwa makali, halafu ethanoli. Kama maabara yenu inatumia kemikali zenye guanidini, jiki isizikaribie kabisa, hata kwenye chombo cha taka, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 2: Shambani

Chagua saa moja ya siku na uishike katika safari zote. Jeni nyingi za mmea hufuata saa ya jua, kwa hiyo sampuli ya saa tatu asubuhi na ya saa tisa alasiri hazilinganishiki. Mimi hufanya kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka na jua halijachoma.

Chagua jani la nafasi moja kwenye kila mmea, mfano la tatu kutoka juu kati ya yaliyokwisha kufunguka. Kumbuka dalili za michirizi kahawia huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, tofauti na batobato inayokunja majani machanga. Kama swali lako linahusu jani lenye dalili, basi kwenye mmea mzima nao chukua jani la umri huohuo. Usilinganishe jani zee lenye ugonjwa na jani changa lenye afya, maana tofauti kubwa utakayoiona itakuwa ya umri.

Chukua mimea isiyopungua mitatu kwa kila kundi. Ukiweza, fika sita, hasa kama utasoma RNA yote. Kugawa jani moja kwenye tyubu tatu hakuhesabiki kuwa mimea mitatu, na hili nimelirudia darasani mpaka sauti imekauka.

*Ukitumia nitrojeni.* Mtu mmoja anakata, mwingine ameshika koleo na chombo. Jani linazama ndani ya nitrojeni chini ya nusu dakika baada ya kukatwa. Kila tyubu ichukue jani kiasi cha miligramu 100 hadi 200. Jani likiwa tayari hupasuka kama kigae ukiligonga.

Nitrojeni ina nyuzi 196 chini ya sifuri, na lita moja ikiyeyuka hutoa karibu lita 700 za gesi. Isafirishwe nyuma ya pikapu iliyo wazi. Ndani ya gari lililofungwa vioo inafukuza hewa mnayovuta, na haina harufu ya kuwashtua. Na kamwe usifunge kifuniko cha tyubu nitrojeni ikiwa bado ndani. Acha ichemke iishe kwanza, la sivyo itakulipukia usoni.

*Ukikosa nitrojeni.* Kimiminika cha kuhifadhia ni njia halali, ila lazima kiingie ndani ya jani, na jani la muhogo lina nta. Kata vipande visivyozidi milimita 5 kwa upana, vitumbukize mara moja, hakikisha vimezama na haviolei. Ujazo wa kimiminika uwe angalau mara tano ya ujazo wa jani. Watengenezaji wanasema sampuli hudumu wiki moja kwa nyuzi 25, lakini siku moja tu kwa nyuzi 37. Dar ya Februari, ndani ya gari lililosimama juani, inavuka hizo 37. Kwa hiyo hapa barafu ina kazi: weka tyubu zilizojaa kimiminika juu yake.

Barafu peke yake, ile ya kununua Feri kwa ajili ya samaki, haitoshi kuhifadhi jani tupu. Inapunguza kasi ya uharibifu na inaliacha jani liendelee kubadilisha jeni zake kwa utulivu. Kama hilo ndilo pekee ulilonalo, chukua sampuli za DNA siku hiyo, urudi nyumbani.

Hatua ya 3: Kusaga

Poza kinu kwa nitrojeni mara mbili, mimina jani, saga kabla nitrojeni haijaisha, ongeza nyingine, saga tena. Unataka unga laini kama poda ya mtoto, wenye kijani kilichopauka. Unga wa chengachenga huficha seli ambazo bafa haitazifikia.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo huganda kwenye kinu kuwa theluji nyeupe. Ukiichota pamoja na unga umeongeza maji yasiyo na kinga yoyote. Washa kiyoyozi, saga sampuli moja kwa wakati, funika kinu kwa foili unapotulia.

Unga ukigeuka kijani kibichi na kuanza kunata, umeyeyuka. Utupe. Najua inauma, sampuli imetoka mbali, lakini ukiendelea nayo utaumia zaidi wiki mbili mbele.

Hatua ya 4: Bafa ya moto

Pasha bafa kwa nyuzi 65 kabla hujasaga. Ongeza maikrolita 20 za beta-merkaptoethanoli kwa kila ml 1 ya bafa, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Weka miligramu 100 za unga kwenye tyubu, mimina ml 1 ya bafa, tikisa kwa nguvu hapohapo. Rudisha kwenye nyuzi 65 kwa dakika 15, ukiipindua kila baada ya dakika tatu.

Kila kimoja humu kina sababu. CTAB hupasua utando wa seli. Chumvi nyingi huzuia sukari ndefu kuganda pamoja na RNA. PVP hukamata fenoli kabla hazijaifanya RNA iwe kahawia. Beta-merkaptoethanoli hukata vifungo vya salfa vinavyoishikilia RNase isimame. Ndiyo maana nasema iongezwe siku ya kazi: ikikaa kwenye bafa kwa wiki, inapoteza nguvu.

Unga haupaswi kuyeyuka peke yake hata sekunde moja. Unatoka kwenye baridi kali na kuingia moja kwa moja kwenye bafa ya moto. Ukipanga tyubu kumi na mbili zenye unga mezani kisha uanze kumimina bafa moja baada ya nyingine, ya kwanza itakuwa nzuri na ya mwisho imeoza. Nimewahi kupoteza sampuli za wiki nzima kwa mpangilio huo, na jeli ilionyesha uharibifu ukipanda kwa hatua kutoka tyubu ya kwanza hadi ya mwisho kama ngazi.

Hatua ya 5: Klorofomu, mara mbili

Ongeza klorofomu yenye pombe ya isoamili kwa ujazo sawa na wa bafa. Tyubu ikijaa, gawa mara mbili. Tikisa hadi iwe kama maziwa. Zungusha kwa 12,000 g (mara 12,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 10, nyuzi 4. Angalia kama sentrifuji yenu inaonyesha g au mizunguko kwa dakika. Si kitu kimoja, na kosa hili ni la kawaida kwenye mashine za zamani.

Chota tabaka la juu polepole. Acha maikrolita 150 za mwisho zilizo karibu na utando mweupe. Tamaa ya kuchota zote ndiyo inayoleta protini na RNase zilizokuwa zimeshatengwa. Rudia tena. Mara ya pili tabaka la juu liwe angavu na utando wa kati uwe mwembamba. Ukibaki mnene, fanya mara ya tatu.

Klorofomu ni sumu na haimwagwi kwenye sinki. Iwe na chupa yake ya taka.

Hatua ya 6: LiCl usiku kucha

Kwa kila maikrolita 400 ulizochota, weka 100 za LiCl ya 10 M, ili mchanganyiko ufike 2 M. Changanya, acha nyuzi 4 hadi kesho. LiCl huiteremsha RNA na kuziacha DNA na sukari nyingi zikielea. Umeme ukikatika usiku, tyubu ziwe tayari ndani ya kisanduku cha barafu kilichomo ndani ya friji. Nimeona kinga hiyo ndogo ikiokoa kazi zaidi ya mara moja.

Ila kama unachotafuta ni RNA fupi, zile ambazo mmea huzitumia kunyamazisha virusi, usitumie LiCl. Haiziteremshi vizuri, utazimwaga. Tumia isopropanoli badala yake.

Asubuhi zungusha kwa 12,000 g, dakika 30, nyuzi 4. Mwaga maji. Osha kwa ethanoli ya 70%, zungusha dakika 5, mwaga, rudia. Acha tyubu wazi dakika 5 hadi 10 tu. Kidonge, yaani RNA iliyoganda chini ya tyubu, kikikauka kupita kiasi kinakataa kuyeyuka. Kikiwa cheupe au kinachopitisha mwanga ni kizuri. Kikiwa cha kahawia, fenoli zimepita, na ni heri urudie na unga uliobaki.

Yeyusha kwa maikrolita 40 za maji ya DEPC, kisha tumia DNase kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Usiiruke hata kama jeli haionyeshi DNA.

Hatua ya 7: Soma ulichopata

Kwenye spektrofotometa, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 2.0, na wa 260 kwa 230 uwe 1.8 au zaidi. Huu wa pili ukishuka, kuna sukari, fenoli au mabaki ya kemikali. Namba nzuri hapa hazithibitishi kwamba RNA ni nzima. Mashine inahesabu mwanga tu. RNA iliyokatwakatwa inapitisha mtihani huu bila tatizo.

Uzima unaonekana kwenye jeli. Tafuta mistari miwili mikali ya RNA ya ribosomu, 25S juu na 18S chini yake, ule wa juu ukiwa na ung'avu mkubwa zaidi, hata mara mbili.

Sasa, majani yana kloroplasti, na kloroplasti ina ribosomu zake. Kwa hiyo utaona pia mistari midogo zaidi ya 23S na 16S, na 23S yenyewe hukatika kiasili vipande. Wengi wameniletea RNA nzuri kabisa wakiwa na huzuni, wakidhani mistari hiyo ya ziada ni uharibifu. Mistari iliyochongoka ni dalili njema. Uharibifu ni ukungu, tena ukungu uliozama chini. Mashine zinazotoa alama ya uzima kutoka 1 hadi 10 nazo zinaweza kuipunja RNA ya jani kwa sababu hiyohiyo. Maabara nyingi za kusoma RNA huomba 7 na kuendelea, kwa hiyo watumie na picha, uwaeleze ni jani.

Hatua ya 8: Kabla ya kupima jeni

Unapogeuza RNA kuwa cDNA (nakala yake ya DNA), kila sampuli iwe na tyubu pacha isiyotiwa kimeng'enya kigeuzi. Ikiwaka kwenye PCR (kipimo kinachozidisha DNA), DNA ya jani haikuisha. Pima praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) kwa mfululizo wa sampuli iliyopunguzwa makali mara kumi kumi: mteremko wa −3.32 kwenye mstari wa vipimo hivyo ni ufanisi wa 100%, na kati ya 90% na 110% panakubalika. Jeni ya rejea, ile isiyobadilika unayolinganishia nyingine, usiichukue kwa mazoea. Ijaribu kwenye mimea yako, migonjwa na mizima, uone kama haiyumbi. Tumia mbili kama unaweza.

Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, gawa RNA kwenye tyubu ndogo ndogo ili usiyeyushe yote kila siku. Nusu yake ihifadhi ikiwa imeteremshwa ndani ya ethanoli; hali hiyo inavumilia friza kupata joto kuliko RNA iliyoyeyuka kwenye maji. Lebo ziandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu nyingi hufutika ethanoli ikimwagika.

Ikikataa bado

Ukungu ukiendelea kujitokeza, acha kubadilisha mambo matano kwa mpigo. Omba kwa jirani RNA ambayo jeli yake ni nzuri. Igawe kwenye tyubu tatu: moja ongeza maji yako, ya pili ongeza maji ya chupa mpya ya kununua yasiyo na RNase, ya tatu iache kwenye barafu bila kuongeza kitu. Mbili za kwanza ziweke nyuzi 37 kwa saa moja, kisha zote tatu ziende kwenye jeli moja.

Ya kwanza ikiwa ukungu na ya pili ikiwa nzima, mwaga maji yako yote na bafa zote zilizotokana nayo. Mbili hizo zikiwa ukungu na ya barafu nzima, shuku tyubu, tipu au glavu. Zote tatu zikiwa nzima, maabara yako haina kosa. Rudi shambani, na safari hii mwambie mwenzako ashike saa na kuhesabu kwa sauti kuanzia mkasi unapogusa jani.